Jeli Iliyoganda kwa Joto

Wewe unayevaa sare ya uuguzi kwa mara ya kwanza, kaa nikusimulie. Hasira yangu isikutishe. Si wewe ninayekukasirikia.

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya utafiti, hapa Birmingham, miaka ya elfu mbili na kidogo, nilikuwa nimetoka wodi ya wazazi, sijui lolote kuhusu jeli. Muuguzi Mkuu alifungua friji, akanidondoshea tone la jeli kiganjani. Lilikuwa jepesi kama maji.

"Subiri," akasema.

Baada ya pumzi chache likawa zito kama uji.

"Umeona? Hii huganda kwa joto. Inaingia ukeni ikiwa maji, inashika pale, inaachia homoni polepole."

Homoni yenyewe ni projesteroni, ile inayosaidia mji wa mimba kuishikilia mimba. Tulikuwa tukiijaribu kwa wanawake ambao mimba zao hutoka. Niliipenda kazi ile.

Ndipo akaja Mama Neema, mkimbizi wa Bukavu aliyeishi mtaa wa Castle Vale. Baada ya Neema alikwisha kupoteza mimba tatu, na ya nne ilikuwa changa. Boksi la mabomba ya dawa, yale madogo ya kusukumia jeli ukeni, nilimpa mwenyewe, nikamsomea karatasi: weka kwenye friji, tumia moja kila jioni.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, yaya," akaniita, yaani dada kwa Kiswahili cha kwao.

Alirudi na mabomba yote, karibu kila moja limejaa. Daktari Msimamizi aliandika kwenye faili: hafuati maelekezo.

"Atoke kwenye majaribio."

"Daktari, hatujamuuliza."

"Sista, mabomba yanajieleza."

Nikamfuata Mama Neema kwenye korido. "Mama, dawa uliitumiaje?"

"Naitoshaka kwa frigo, naitia ndani ya kikombe ya maji ya moto. Halafu nasukuma, inakatala." Akanikazia macho. "We yaya, ulizaliwa ku Bulaya? Mwanamuke wa mimba anatiaka baridi kwa tumbo?"

Nilishikwa na aibu. Mama yangu Machakos alinifundisha hayo hayo. Nilipojifungua, hata maji ya kunawa mikono yalipashwa moto. Nilijua, lakini sikufikiri. Karatasi ilisema friji. Haikusema kwa nini, wala haikukataza kupasha. Mama Neema alilitii kila neno lililoandikwa, na dawa ikaganda ndani ya bomba.

Nilimweleza Daktari. Hakuinua macho kwenye kompyuta.

"Utaratibu ndio huo. Faili limefungwa."

"Basi andika kwamba mimi ndiye sikueleza."

Hakuandika.

Mimba ilitoka. Sisemi jeli ingeiokoa. Hakuna aliyejua, ndiyo maana tulikuwa tukijaribu. Ninachokasirikia ni kwamba yule mama alienda nyumbani akiamini ameiua mimba yake kwa mikono yake, na hakuna mkubwa aliyemwita kumwambia vingine. Nilienda mimi, akanisikiliza kwa heshima, hakuniamini. Baadaye karatasi iliongezwa mstari mmoja: usiipashe moto. Wakapongezana kikaoni.

Nimestaafu, na bado nikiwasikia wauguzi wakisema "hawa watu hawasikii," damu inanichemka.

Kwa hiyo, mwanangu, usimuulize mgonjwa kama ameelewa. Mpe bomba tupu mkononi, mwambie akuonyeshe kila hatua kuanzia mlango wa friji, nawe ukae kimya mpaka amalize.