Magoti ya Mama Mukwe na Motokari ya Ibride

Bandugu, mupaka leo nikipita pa soko ya Dilala ninashusha kofia ku macho, juu bamama ba mikate ya mafuta bananiangalia na kuulizana kama ni mi, na ni mi kabisa, sina wa kusingizia.

Munajua vile mugodi ulikula kartie yetu (tulihamishwa bote, nyumba zikabomolewa juu ya cobalt), tukapewa makuta, pesa ya kuhamia, na mi, mwalimu mwenye akili nyingi, kipande nikajengea, kipande nikanunua motokari ya ibride, ile inatembea na essence, mafuta ya moteri, na batri pamoja. Ngoie, bibi yangu, alinuna. "Balitufukuza juu ya cobalt, na we unaenda kuinunua mu batri?" Nikamuambia itachunga essence, itatuliza mugongo. Akasema: "Sawa. Dimanche, siku ya kanisa, Mama atapanda. Akisema ni mubaya, inauzwa, tunamaliza nyumba."

Sasa musikie upumbafu wangu. Kwetu mukwe hamukaribiye mama mukwe, kumugusa ndio usiseme, mahali pake mu motokari ni nyuma. Lakini siège ya mbele njo ilikuwa tamu, basi ile dimanche nikamukalisha mbele asikie raha, Ngoie akakaa nyuma.

Pa soko nikasimama, kamioni ya mawe ipite, na moteri ikanyamaza. (Muuzaji alinielezaka: ikisimama, moteri inazimika yenyewe, batri inashika kazi. Mi nilikuwa naangalia siège.) Nikajua essence imeisha, na Ngoie ananiangalia mu shingo. Nikaita batata, baba bazima benye balikuwa banatoka kanisa: "Batata, mutusukume kidogo," nikashuka na mi nisukume, bila kuizima.

Ikaenda. "Kalivyo kepesi," mumoja akasema, na mi nikafurahi, mupaka nikaona mikono yetu iko hewani na motokari inaendelea yenyewe, polepole, bila kelele, na mama mukwe na mukoba wake, moja kwa moja ku meza ya mikate.

Nikakimbia, nikafungua mulango ya kushoto (miaka yote volan yangu, usukani, ilikuwaka kushoto, hii ya Japani iko kuume), nikajitupa ndani, na chini yangu haikuwa volan, ilikuwa magoti ya mama mukwe. Nikalala pale tumbo chini, miguu nje, mukono unatafuta freni, kanisa nzima inaangalia. Ikasimama inabusu meza. Haya ilinishika mupaka masikio.

Mama mukwe akashuka, akafunga kitenge chake vizuri. Ngoie akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, tuuze?"

"Motokari? Haina kelele, haikuniumiza mugongo, hata dereva haihitaji. Mubakie nayo." Akageuza uso. "Ule mukwe alete mbuzi ya kuomba pardon. Na aje kwa miguu."

Nilimukokota ule mbuzi jua kali, na katikati ya njia Ngoie akanipita na motokari, mama yake nyuma, banacheka. Sikuisikia ikija.

Basi mukiniuliza kama inafaa, nunueni, essence inachunga kweli, na mi ningeinunua tena kesho. Lakini mama mukwe akae nyuma.