Makaa ya Juu ya Kifuniko

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza, daftari na onyo. Ilikuwa miaka ya tisini, katika ofisi ya mradi wa nishati iliyopanga ghorofa ya juu ya nyumba moja Mji wa Kale. Bwana Meneja, mzaliwa wa mtaa uleule, alivaa kanzu Ijumaa na tai siku nyingine zote. Aliniambia, "Bi Kadzo, nimekuchukua kwa kuwa wewe ni mwanamke. Jikoni mwa watu mimi siingii, wala hawa vijana wangu hawaingii. Utakayoyaona huko ndiyo tutakayoyajua. Na usikisie."

Sikuchukia. Nilikuwa nimetoka Rabai na cheti cha sayansi kimu, kisha nikakaa miaka miwili nikipiga chapa barua za watu wengine. Kupewa mizani kulinifurahisha kuliko nilivyoonyesha.

Kazi yetu iliitwa ufanisi wa nishati, maana yake kupika chakula kilekile kwa makaa machache zaidi. Tulikuwa na jiko lenye tumbo la udongo, lililobuniwa bara, ambalo hushika joto lisipotee pembeni. Wafadhili waliyanunua majiko, sisi tukawapa wapishi, nao wakayalipia kidogo kidogo kutokana na makaa waliyookoa. Utaratibu huo tuliuita malipo kwa akiba. Bei ilikuwa moja bila nyongeza, kwa sababu riba haikuwa na pa kukaa katika nyumba zile.

Kikundi chetu cha kwanza kiliongozwa na Bi Zuhura, mjane aliyeishi kwa kuuza mkate wa kumimina, ule wa uji mzito wa mchele unaomiminwa sufuriani. Nilianza kwake na kipimo cha msingi, yaani makaa yanayotumika kabla hujabadilisha chochote. Kisha tukampa jiko jipya, na kwa miezi minane nikawa nafika alfajiri, napima gunia la makaa ya jiko hilo, naandika, nakwenda nyumba ya pili. Nilijiona hodari sana.

Takwimu zilipendeza. Mkurugenzi wa Mipango alishuka kutoka Nairobi, akazisoma huku akijipepea kwa faili, akasema Wizara inaandika rasimu ya sera na malipo kwa akiba yataenezwa pwani nzima. "Hesabu zako, mama, zitaingia kwenye sera," aliniambia. Kichwa kilinivimba, sifichi.

Tatizo likawa kwamba wapishi walichelewa kulipa. Bwana Meneja alishangaa, "Watu wanaokoa makaa kiasi hiki na bado hawawezi? Kawaulize." Nikaenda kwa Bi Zuhura, safari hii si alfajiri bali jua limeshapanda.

"Hodi. Sabalkheri, Bi Zuhura."

"Sabalkheri, mwanangu. Ndoo ndani, nina kazi mkononi."

Nilimkuta ameinama na koleo. Chini ya ngazi jiko lake la zamani lilikuwa likiwaka, naye akitoa humo makaa mekundu na kuyapanga juu ya kifuniko cha sufuria iliyokaa kwenye jiko letu.

"Hili la zamani si tulikubaliana liwekwe kando?" nikauliza.

"Liko kando. Lakini mkate wa kumimina hauivi kwa moto wa chini pekee. Sharti uupalie." Kupalia ndiko huko kuweka makaa juu ya kifuniko ili mkate upate moto pande zote mbili. "Zamani nilichota mumo humo jikoni. Jiko lenu nikilichota makaa, moto wake wazimika. Basi ya juu nayawasha hapa."

"Miezi yote hii mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila ukiya, wauliza jiko lenu latumia makaa mangapi, nami nakwambia kweli yake. Hukuniuliza mkate wangu watumia mangapi." Akafuta jasho. "Hiyo akiba mwaihisabu nyinyi, mwanangu. Mie siioni. Nami nalipa kwa kupunguza sukari ya nyumbani."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Aibu niliyoisikia siku ile naikumbuka mpaka leo. Nilipima upya, magunia yote mawili, kwake na kwa wenzake. Akiba ilikuwa haba, na kwa wengine haikuwepo kabisa.

Nilimkuta Bwana Meneja akinywa chai kwa mkate huohuo. Nilipomweleza, alikirudisha kipande kwenye sahani akakitazama. "Nimeula tangu sina meno," akasema. "Mama yangu ameupika umri wake wote. Sikujua kama una moto wa juu."

Zilibaki wiki mbili tupeleke ripoti ya kuomba fedha za awamu ya pili ya mradi. Nilimpigia Mkurugenzi simu kumweleza, naye akanijibu bila ukali, "Mama, uliajiriwa kupima jiko. Jiko limefanya kazi yake. Tia sahihi."

Alichosema hakikuwa uongo, na hilo ndilo lililonitesa. Nikitia sahihi, wapishi wa pwani nzima watalipia akiba iliyomo daftarini mwangu tu. Nikikataa, ofisi itafungwa, na mimi nilikuwa na watoto shuleni. Niliogopa, tena sana. Bwana Meneja akasema, "Sikulazimishi, Bi Kadzo. Na ukichagua lolote, sikulaumu." Niliandika vipimo vya kweli. Naye akatia sahihi yake chini ya yangu, kisha akaniuliza kama nina nauli ya kurudi nyumbani.

Malipo kwa akiba yaliondolewa kwenye rasimu. Wapishi wakasamehewa yaliyobaki. Awamu ya pili haikuja, na ofisi ikafungwa.

Baadaye niliajiriwa kukagua mitambo ya jua ya kuchemshia maji katika nyumba za serikali Kizingo, chini ya Mhandisi Mkuu mmoja mpole aliyenicheka kwa sababu nilianza kila nyumba kwa kuuliza nani huoga saa ngapi. Nilimwacha acheke. Nikamaliza utumishi wangu katika kazi hiyo, na kustaafu kwangu kulikuwa na keki na hotuba kama kwa watu wote.

Lakini jambo moja nawaambia nyinyi mnaoingia kazi hii. Wiki chache baada ya ofisi kufungwa, Bi Zuhura aliniita. Alikuwa amekaa na fundi bati wa Makadara, wakatengeneza jiko la tumbo la udongo lenye kijimlango cha kuchotea makaa bila kulizima, na kifuniko chenye ukingo wa kuyashika yasimwagike. Niliazima mizani dukani, nikapima siku sita kuanzia kuwashwa moto hadi mkate kuiva. Akiba ilikuwepo, na safari hii hata yeye aliiona. Niliandika ripoti safi, nikaipeleka Nairobi, isijibiwe. Fedha zilikwisha kwenda kwingine. Jiko lile likabaki moja, kwake.

Watu huniuliza kama najuta kusema kweli. Sijuti. Ninachojuta ni kwamba niliijua zikiwa zimebaki wiki mbili, na kabla ya hapo, kwa miezi minane, nilikuwa nikitoka jikoni mle mkate haujamiminwa.