Madirisha ya Behewa la Fundi Bakari

Nakumbuka siku moja tulipopeleka behewa Diani, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso huniwaka hata nikiwa peke yangu. Lakini tusiruke hatua. Umeniuliza mara mbili kwa nini mimi, niliyeuunda mlango mkubwa wa msikiti wetu, huingia kwa mlango wa ubavuni. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba ni magoti. Mara ya pili nikasingizia viatu. Leo keti hapa, nikwambie kweli.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa Fundi Bakari hapa hapa Msambweni. Wewe hukumdiriki. Vitanda vya maharusi, milango, hata jeneza la msikiti, vyote vilitoka mikononi mwake. Watu walisema ukiona vyaelea vimeundwa, wakimmaanisha yeye. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ila mikono haikuwa imepungukiwa na kitu. Mwaka ule kamati ya msikiti ilikuwa imemwahidi kazi ya mlango mpya, na hakuwa na hamu ya kitu kingine duniani. "Nassoro," alikuwa akiniambia, "nikimaliza mlango huo, naweka randa chini. Nataka iwe kazi yangu ya mwisho. Watu wapite wakiniombea."

Kabla ya mlango likaja behewa. Hoteli moja ya Diani ilitaka behewa la abiria la mbao, mfano wa yale ya zamani ya daraja la tatu, liwekwe ukumbini wageni walione. Si kidude cha kuchezea watoto. Urefu wake mikono kumi, madirisha manane kila upande, viti ndani, paa juu. Sisi watu wa kusini reli hatuna. Garimoshi tulihadithiwa tu na waliotoka Taru, huko reli inakopita. Basi Fundi akavuka Likoni, akaenda hadi stesheni ya Mombasa, akaomba ruhusa na kupima behewa kuukuu yadi kwa yadi. Akarudi na kanuni moja: kila yadi ya behewa la kweli iwe shubiri moja ya behewa letu.

Sasa, shubiri ya nani? Hapo ndipo penye kisa. Shubiri, kama ujuavyo, huanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetandazwa, na kila mja ana yake. Futikamba zilikuwako, usidhani sisi ni wa zama za Nuhu. Lakini karakana ile ilikuwa na desturi yake. Fundi alikata kijiti cha mvule sawasawa na shubiri yake, akakitundika kwenye msumari karibu na mlango, na kazi iliyoanzwa kwa kijiti ilimalizwa kwa kijiti. "Mkono ni wa mtu," alitufundisha. "Kijiti ni cha kazi."

Yeye akamaliza ubavu wa kushoto. Kabla hatujauanza wa kulia, ikaja habari kwamba dada yake amefariki huko Munje. Akaenda matangani siku tatu, akaniachia kazi. Neno lake la mwisho mlangoni lilikuwa, "Shika kijiti, Nassoro."

Nami nilikishika, wallahi nilikishika, mpaka walipopita vijana watatu wa Ukunda, wafanyakazi wa mahotelini, wakasimama kutazama. Mmoja akasema, "Fundi, hii kitu ni noma! Umeichora mwenyewe?" Kuitwa fundi! Mimi niliyekuwa bado nafagia maranda! Kichwa kikavimba. Nikakirudisha kijiti msumarini, nikautandaza mkono wangu juu ya ubao, nikapima kwa vidole vyangu huku nikihesabu kwa sauti ili wasikie. Mungu kaniumba na vidole virefu, unaviona. Shubiri yangu iliizidi ya Fundi kwa nusu kidole.

Utasema nusu kidole si kitu. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini behewa lilikuwa la mikono kumi, yaani shubiri ishirini, na nusu kidole mara ishirini ni vidole kumi. Nilipousimamisha ubavu wangu kando ya ule wake, wangu ukachomoza vidole kumi. Ningekuwa na akili ningemngoja arudi nikamwambia. Badala yake nikaukata mwisho wa nyuma, penye mlango, na pande mbili zikalingana urefu. Madirisha ndiyo yaliyokataa kulingana. La kwanza lilikosana na mwenzake kidogo tu, la pili zaidi, na la nane likawa linatazamana na ubao.

Aliporudi, nikamwambia, "Pole na msiba, Fundi. Wewe pumzika. Viti na paa nitamalizia mimi." Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu. Hebu fikiri, mwanangu, kuombewa dua kwa sababu ya hila. Viti nikavipachika mshazari kidogo kidogo ili vifuate madirisha, kisha nikaharakisha paa lifunike siri yangu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilidhani walisema kwa ajili ya wagonjwa.

Basi ikafika siku yenyewe. Tulilipeleka kwa lori, linang'aa vanishi, na wafanyakazi wa hoteli wakapiga makofi lilipoteremshwa. Mkuu wao, mtu wa bara, muungwana, akainama kwenye dirisha la kwanza, akaona bustani upande wa pili, akacheka kwa furaha. Akaenda la pili, akaenda la tatu. Alipofika la tano kicheko kilikwisha. La nane akaingiza mkono na kugusa ubao.

"Mzee," akasema taratibu, "hii imeenda kombo. Labda ni umri sasa. Si ungepumzika tu nyumbani?"

Fundi Bakari akasogea. Asichoweza kukiona kwa macho akakitafuta kwa mikono: akapapasa dirisha hili na lile, akatandaza shubiri yake ubavuni mwangu, akapima mara moja, mara mbili. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliningoja, na leo najua alikuwa akinipa nafasi. Maneno yaliyohitajika ni mawili tu: ni mimi. Nikatazama viatu vyangu.

"Kazi iliyotoka karakana yangu ni kosa langu," akasema Fundi. "Tuwie radhi, bwana."

Tukalirudisha behewa. Njia nzima alikuwa akisoma nyiradi kwa sauti ya chini. Behewa likawekwa uani nyuma ya karakana, na kuku wakalifanya banda lao.

Maneno nayo yakaenea. Bakari haoni tena. Bakari mkono umemtoka. Haikupita wiki mbili wazee wa kamati wakaja, na hawakuja kwake, walikuja kwangu. Wakasema kwa upole wao wote kwamba mlango wa msikiti hauwezi kuachiwa mtu asiyeona, na kwa kuwa nimelelewa na mkono wake, mimi ndiye ninayefaa. Nami nikajibu nini? Nikajibu, "Inshallah." Hapo, mwanangu, ndipo ninapotamani ardhi ipasuke inimeze. Kunyamaza kule Diani naweza kusema ni hofu ya ujana. Kuupokea mlango wa mwalimu wangu haikuwa hofu. Ilikuwa tamaa.

Asubuhi niliyoanza kazi hiyo alikuja mwenyewe, na kijiti mkononi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akakiweka kijiti juu ya ubao wangu. "Mlango wa nyumba ya Mungu usiupime kwa vidole vyako, Nassoro. Vyako virefu."

Akaenda zake. Kumbe alijua! Alikuwa amejua tangu pale dirishani, na hakunitaja kwa mtu yeyote, hata kwa watoto wake.

Nikajidanganya kwamba maadamu anajua, basi tumemalizana. Yeye hakuwa na haja ya kuambiwa. Waliokuwa na haja ni wale waliomdharau, na hao sikuwaambia. Miaka sita alipita kwenye mlango ule kila swala, akiupapasa kwa kiganja na kusema mashallah, nami nikiwa nyuma yake. Mwishowe nikashindwa, nikaanza kupita ubavuni. Alipofariki, jeneza alilolichonga kwa mikono yake mwenyewe likamtoa kwa mlango wangu, na watu wakinong'ona, maskini, alikuwa fundi huyu zamani.

Mwezi uliopita vijana wa kamati ya sasa wakaamua kuandika jina la fundi juu ya mlango. Jina langu mimi. Ijumaa iliyopita, wewe ukiwa safarini, baada ya swala nilisimama nikawasimulia waumini wote haya ninayokusimulia. Hakuna aliyenizomea, na laiti wangenizomea. Nilipotoka nikaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanatumu, binti yake Fundi, naye mwenyewe ni ajuza sasa. Nilimkuta barazani anasuka ukili. Akanisikiliza hadi mwisho, mikono haikusimama.

"Baba alikufa akihurumiwa," akasema. "Na hakuna kitu alichokichukia kama kuhurumiwa. Miaka yote hii, kaka Nassoro, ulikuwa ukingoja nini?"

Nikaaga, nikarudi nyumbani na swali lake.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na nakuomba uishike kuliko ulivyoshika mengine yangu. Kukosea kipimo si aibu. Mbao huharibika kila siku na miti ingali inaota. Lakini ukimwona mwenzio amejitwika lawama yako, mpokonye pale pale, watu wakiwa bado wamesimama. Ukisema nitamwambia kesho, kesho itakuja na uzito wake, na siku moja utakuta ameshakwenda nayo kaburini. Uliyemvunjia heshima uwanjani, usimwombe radhi chumbani. Na sifa isiyokuwa yako usiipokee, hata ikiletwa na wazee wenye kanzu na tasbihi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka nami, ana mvi kama zangu, na bado ninambeba.

Kijiti chenyewe ndicho hiki. Chukua, ukitundike kwenye msumari karakanani mwako. Niliwaomba kamati waandike jina la Bakari, na wamekubali, maana mikono ilikuwa yangu lakini mlango mzima ulipimwa kwa shubiri yake. Mwenyezi Mungu akupe kazi yenye baraka na ulimi mwepesi wa kusema ni mimi. Akujaalie mwalimu kama niliyempata, na akuepushe kuwa mwanafunzi kama niliyekuwa. Haya, adhana hiyo inalia. Wewe pita mlango mkubwa, uupapase kwa kiganja, umwombee Fundi Bakari. Mimi nitazunguka, tutakutana ndani.