Chupa za Moto na Mama Mkwe

Jamaa, leo asubuhi nimejificha nyuma ya mlango wa hospitali, mkononi nina chupa mbili za maji ya moto.

Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba tu. Analala ndani ya sanduku la mbao, kati ya chupa zilizofungwa kitambaa. Zikipoa, naye anapoa.

Mke wangu bado ana homa. Anayemlinda mtoto ni mama mkwe wangu, aliyetoka Muheto kwa miguu.

Na mnajua, kwetu mtu haonani uso kwa uso na mama mkwe wake.

Siku zote nesi hupokea chupa mlangoni. Leo aliitwa kwa mwanamke anayezaa.

Mama mkwe amembeba mtoto kifuani, mikono yake imejaa. Akaanza kusema na mtoto ili nisikie mimi:

"Mutoto, ambia papa yako maji imepoa."

Nikajibu kutoka nje: "Mwanangu, ambia tate yako, huyo bibi yako, atoke, niingie."

"Mutoto, ambia papa yako mulango iko moja tu!"

Ni kweli, ni mmoja. Mtoto hakupeleka ujumbe.

Mwishowe akafoka: "We papa! Mutoto iko anapoa, na wewe uko na haya? Ingia!"

Nikaingia nimefumba macho. Nikaiweka chupa taratibu sana.

"Hiyo ni goti yangu! Fungua macho!"

Nikafungua.

Mliooa, ningefanyaje?

Sasa mtoto ana joto. Mama mkwe amenigeuzia mgongo kwa heshima zote, na akiwa hivyo hivyo ananikemea kwamba nachelewa na maji.