Salamu za Mtunza Ghala

Kazini walimwita Sanduku, na jina lenyewe alilipenda. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi barua pepe zote za kampuni: zinazoingia, zinazotoka, hata ile uliyoifuta ukadhani imekwenda zake. Ukimuuliza, atakuvimbia kichwa: "Kwangu hakipotei kitu, bwana!" Haya, sikilizeni basi yaliyomkuta.

Mtunza ghala alikuwa mama mtu mzima, kila mtu akimwita Shangazi. Kompyuta alijifunzia ukubwani, na barua pepe aliziandika kama mtu anayebisha hodi: kwanza salamu, halafu hali ya nyumbani, watoto, mgongo wake, shida yenyewe utaikuta chini kabisa. Barua hizo zilimchosha Sanduku. Akiona tu "Hujambo mwanangu", anafuta.

Mvua ikanyesha, maji yakaingia ghalani kupitia paa, majora ya vitambaa yakaoza. Bosi akaita kikao. Shangazi afukuzwe, alisema, kwa kuwa hakutoa taarifa.

"Nilitoa," alisema Shangazi. "Nilimwandikia huyu mwanangu akufikishie. Kila nikituma kwako ilikuwa inanigomea."

Wote wakamgeukia Sanduku. Si angesema tu, ngojeni nikatafute? Thubutu! Mbele ya bosi, na majigambo yake yale? "Haipo," alisema, macho makavu. "Ingekuwepo ningeijua."

Shangazi akapewa hadi kesho akabidhi funguo. Hakugomba. Mlangoni alimshika Sanduku mkono, akamwambia, "Hebu nitazamie tena, mwanangu. Labda nilikosea mimi mahali."

Hapo ndipo Sanduku alipoanza kutokwa jasho. Alirudi mezani kwake, akatafuta neno "paa". Barua ikaja papo hapo: imefunguliwa saa tatu na dakika kumi, imefutwa dakika hiyohiyo, na aliyeifuta ni yeye. Na hifadhi ile, aliyoitengeneza kwa mikono yake, haimruhusu mtu kuondoa hata herufi, yeye mwenyewe akiwemo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini aibu hiyo ilikuwa bado ndogo, maana aliisoma barua mpaka mwisho.

Asubuhi aliingia kwa bosi na karatasi mkononi. Shangazi alikuwepo, funguo ziko juu ya meza.

"Isome," bosi alisema.

"Hujambo mwanangu. Mkeo ameshatoka hospitali? Namuombea kila siku. Mwambie asiinue ndoo mpaka mshono ukauke..." Akaishusha karatasi. Mkewe alilazwa wiki mbili nzima, na kutwa Sanduku alikuwa akiwanunia watu wa ofisi, eti hakuna hata mmoja aliyemjulia hali. Akaiinua tena, akaendelea: "Halafu, mwanangu, paa la ghala limepasuka upande wa dirishani. Mwambie bosi kabla mvua hazijaanza."

"Kwa nini hukuniambia?" bosi aliuliza.

"Nilidhani ni salamu tu," alisema Sanduku, akitazama viatu vyake. "Hata hizo sikuzimaliza. Na jana niliposema haipo, sikuwa nimetafuta."

Bosi alizisukuma funguo kwa mwenyewe. Shangazi alizichukua, akazifunga kwenye ncha ya kitambaa chake kama kawaida. Sanduku alisubiri atukanwe, angetukanwa angepumua.

"Lakini hukunijibu, mwanangu," alisema Shangazi. "Mkeo amepona?"