Mteja Wangu wa Kwanza Aliponyamaza

Nichekeni tu, ndugu zangu, mwenyewe nimeshajicheka. Nina digrii ya saikolojia, na sasa niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja hapa Musoma, nikimwomba Mungu madamu, msimamizi wangu, anikubali niendelee na masomo ya juu.

Wiki iliyopita madamu aliniachia mteja peke yangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mzee Magesa wa Mugango, aliyefiwa na mkewe. Alianza kunisimulia jinsi mama huyo alivyopenda kuimba akianika dagaa, kisha akainamisha kichwa na kunyamaza.

Chuoni tulifundishwa kwamba mteja akinyamaza, usimkatishe. Nikatulia. Mabega yake yakawa yanapanda na kushuka polepole. Maskini, nikawaza, analia kwa ndani. Nikamsogezea tishu. Hakuigusa. Nikajisifu moyoni kwamba huu ndio usikivu wa kitaalamu, hata machozi yakanitoka mimi.

Ndipo madamu akafungua mlango, foleni nzima ikichungulia nyuma yake. Mzee akakoroma kwa nguvu.

"Bhoke," madamu akasema, "sasa unamlilia nani? Mzee wa watu amelala!"

Kicheko kikalipuka kule nje, na mzee akashtuka. Akanikuta nafuta machozi kwa ile tishu yake.

"Nisamehe, mwanangu," akasema kwa aibu. "Nyumbani silalagi. Tangu mama yao aondoke, kitanda kimenishinda." Akamtazama madamu, kisha akanigeukia. "Kesho naweza kuja tena?"