Kumnyamazisha Mbuzi Kisumu Ndogo

Ilianza Jumapili, tarehe thelathini Desemba 2007, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Redio ya jirani ilimtaja mshindi wa urais, kukawa kimya kidogo, kisha mtaa wetu wote wa Kisumu Ndogo ukapiga kelele za hasira kwa pamoja.

Mama aliingiza mbuzi ndani kwanza, halafu mimi, akafunga komeo na kusukuma meza mlangoni. Baba alikuwa kazini Gatina, huko Kawangware, analinda ploti ya watu. Sisi ni watu wa Kitui, ambako hawakumpigia kura mgombea wa mtaa huu, na jioni hiyo wanaume walianza kupita wakiuliza nyumba hii ni ya nani, ile ni ya nani, anatoka wapi. Mama akazima koroboi, akaniambia tukae kama hatuko.

Hapo ndipo mbuzi akalia.

Jumapili nyingine baada ya kanisa mimi humpeleka kando ya reli ale majani mabichi. Siku hiyo Mama alikuwa amekataa nitoke. Kwa hivyo mnyama alikuwa na njaa, na mbuzi mwenye njaa hajui kunong'ona.

Mama alimwaga mabua makavu ya mahindi, pamoja na majani yake, kutoka guniani hadi sakafuni. Mbuzi alinusa, akayakanyaga, akapiga chafya, akalia tena. Mama alizaliwa mahali ambapo mbuzi hujitafutia vichakani. Hakuwahi kulisha mbuzi ndani ya nyumba, na aliamini njaa ikizidi mnyama hachagui. Akaongeza pumba juu ya yale mabua. Mbuzi hata hakuinamisha kichwa. Mama akamshika mdomo kwa mikono yote miwili, mbuzi akarusha miguu, sufuria zikaanguka.

Nje mtu akasema, "Hapo ndani kuna kitu."

Nilijikojolea kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mimi si msemaji. Mwalimu akiniuliza swali, naangalia dawati. Lakini nimekaa na mbuzi huyu kule reli jioni nyingi bila kazi ila kumtazama. Kitu kikishakanyagwa hakigusi, hata kama ni yeye aliyekikanyaga. Huanza na majani ya juu kwenye ua, amesimama kwa miguu ya nyuma, anachagua yaliyo laini na kuacha vijiti. Nyasi ya chini ni ya mwisho kabisa, na akiipata imelowa anaiacha.

Nikamwambia Mama sikioni amwachilie. Nikafunga baadhi ya mabua yaliyobaki guniani kwa leso, nikayainua juu ya kichwa changu. Mbuzi akaweka miguu kifuani pangu, akaanza kuchambua. Mdomo ulijaa, sauti ikaisha.

Fungu likiisha Mama ananipa lingine. Majani yalikatika kwa sauti ambayo niliona inasikika mpaka kwenye magorofa ya Nyayo Highrise.

Viatu vikasimama mlangoni. Ndipo jirani wetu, mama anayeuza samaki wadogo wa omena, ambaye mimi humsalimia na kukimbia, akatoka kwake.

"Hii nyumba ni ya nani, mathe?" mmoja akamuuliza.

"Ni yangu, naweka omena. Vunjeni mkitaka, lakini mtanuka mpaka Pasaka."

Wakacheka. Mmoja akasema amesikia mbuzi. Jirani akamwambia alichosikia ni tumbo lake. Wakapita.

Majani yote yaliisha, vikabaki vijiti. Mbuzi akalala, akaanza kucheua. Mama akasema chakula cha mbuzi hakuna, kesho huyu atalia tena, na yule mama ameshadanganya kwa ajili yetu. Watamfanya nini wakijua? Afadhali tumchinje kabla ya jua. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Asubuhi, Mama akinoa kisu, nilisukuma meza, nikamvuta mbuzi mpaka kwa jirani, nikabisha. Sikukimbia; nilisema yote: kaa naye, wewe ni mtu wao, hawatakuuliza unatoka wapi, umfungie majani juu kwa msumari, ya chini hali.

Akamtazama mbuzi. "Anachagua kama bwana harusi," akasema, akachukua kamba mkononi mwangu.

Nikarudi nyumbani, Mama akaweka kisu kando, nikamsaidia kufunga nguo, tukatoka kwa miguu kwenda Gatina kwa Baba.